Usiondoke Kaunta Bila Karatasi

Mpwa wangu,

Mama yako kanipigia simu kutoka Tanga. Anasema gari lako jipya limerudi gereji mara ya tatu kwa ugonjwa uleule wa giaboksi, nawe umenyamaza kwa sababu watu wa pale dukani ni wakarimu, wanakupa kahawa na kukuomba radhi. Kahawa kunywa. Lakini hapa Texas kuna sheria inayomlinda mtu aliyeuziwa kimeo kipya, na muda wake hauchelewi kwa kuwa wewe unaona haya kulalamika.

Wamarekani wanaiita sheria ya malimau. Jimbo la kwanza kuipitisha lilikuwa Connecticut, mwaka 1982, na leo kila jimbo lina ya kwake. Juu yake ipo sheria ya nchi nzima ya waranti, Magnuson-Moss, ya mwaka 1975. Kwa hiyo usifuate habari za rafiki yako wa California. Kule mahakama inaweza kuitoza kampuni iliyokaidi kwa makusudi faini ya hadi mara mbili ya hasara yako, na ukishinda, wakili wako analipwa na kampuni. Hapa kwetu njia ni nyingine, na kwa mtu asiye na fedha za mawakili mimi naiona nyepesi zaidi.

Texas inahesabu hivi. Kasoro ileile ikishughulikiwa mara 4 na gari bado halijapona, una shauri. Kama kasoro yenyewe inaweza kuua mtu, mathalani breki zinakataa au gari linazima katikati ya barabara kuu, mara 2 zinatosha. Au gari likae gereji jumla ya siku 30, hata kama si mfululizo, bila wao kukupa jingine la kutumia. Yote haya yawe ndani ya miezi 24 au maili 24,000 za mwanzo, kinachotangulia ndicho kinachohesabiwa. Na kasoro iwe ya kupunguza matumizi au thamani ya gari; kwa redio inayokwaruza usijisumbue.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo vijana wetu wengi wanapoangukia. Mara ambayo haikuandikwa haihesabiwi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mahakimu wa Marekani wangeitikia. Kazi ya waranti ni ya bure, kwa hiyo kijana wa kaunta atakuambia, "Hakuna malipo, chukua funguo uende zako." Usiende. Dai karatasi ya kazi yenye tarehe uliyolileta na uliyolichukua, maili za siku hiyo, malalamiko yako, na walichokifanya. Wakikuambia wamelijaribu na hawakuona tatizo, waandike hivyohivyo, kwani hata safari hiyo ni safari. Mwombe fundi apande nawe mzunguke mtaa mmoja alisikie likigoma, na lisipogoma siku hiyo, uwe na video kwenye simu.

Kisha angalia maneno yako. Ukisema mwezi huu gari linatetemeka, mwezi ujao halina nguvu, halafu linapiga kelele, umejiandikia kasoro tatu tofauti, kila moja ya mara 1. Chagua maneno na uyarudie kila unapokwenda: giaboksi inachelewa kuingiza gia na gari linashtuka. Soma kilichoandikwa kabla hujatia sahihi. Wapo makarani wanaofupisha malalamiko ya mteja mpaka yanabaki "amekuja kukagua gari", na sidhani ni bahati mbaya siku zote.

Ile habari ya kumpelekea fundi wetu wa kule Bissonnet iache kwanza. Ni fundi hodari, mimi mwenyewe ananitengenezea, lakini akiigusa giaboksi kampuni itasema ndiye aliyeiharibu, na jaribio lake halihesabiwi. Kubadilisha oili ni jambo jingine. Chini ya Magnuson-Moss kampuni haiwezi kukufutia waranti kwa sababu tu umebadilishia oili nje ya gereji yao. Tunza risiti.

Tena anayewajibika ni kampuni iliyolitengeneza gari, si duka lililokuuzia. Iandikie barua kampuni yenyewe, uitume kwa posta ya rejista, uieleze kasoro na uipe nafasi ya kulitengeneza tena. Wakishindwa, fungua malalamiko katika idara ya magari ya jimbo. Ada ni dola 35, na si lazima uwe na wakili. Kama hamkupatana, shauri linasikilizwa. Ukishinda, kampuni inaweza kuamriwa ilinunue gari, ikupe jingine, au ilitengeneze. Wakilinunua watakukata kiasi kwa maili ulizokwisha kuliendesha, na mimi naona hiyo ni haki.

Wakati huo huo usiache kulipa mkopo. Najua inauma kulipia gari lililolala gereji, lakini benki haina habari na giaboksi yako; itatuma bredauni usiku, na jina lako kwenye rekodi za mikopo litaharibika. Wala usikubali wakikuambia ulirudishe wakupe jipya kwa "mpango mzuri". Mara nyingi deni lililobaki wanalihamishia kwenye gari la pili, ukajikuta unalipia mawili huku unaendesha moja.

Mdogo wako naye mwambie: anayemezea mate gari la mkono wa pili pale yadi asome kwanza karatasi iliyobandikwa dirishani. Sheria ya nchi inamtaka muuzaji aibandike. Ikisema gari linauzwa kama lilivyo, bila waranti, basi likifa kesho ni lake. Hata lile ambalo waranti ya kampuni haijaisha, hapa Texas atakachoweza kuamriwa ni litengenezwe tu, si kurudishiwa fedha.

Kesho nenda dukani uombe nakala za safari zote tatu, wanazo kwenye kompyuta. Rasimu ya barua nitumie niisome kabla hujaipeleka posta. Na leo hii nijibu gari limefika maili ngapi, maana waranti ikiisha, miezi 24 ikitimia au maili zikipita 24,000, chochote kitakachotangulia, unabaki na miezi 6 tu ya kufungua malalamiko.