Je, Kikojozi Ana Hatia?

Walimu wenzangu, neno “kikojozi” limeundwa sawasawa na “kinyozi” na “kiongozi”: yote matatu humtaja mtu kwa tendo lake. Lakini kinyozi hunyoa akiwa macho, na kiongozi huongoza kwa hiari yake. Huyu wa tatu hutenda akiwa usingizini. Je, ni haki kumhesabia mtu tendo asilolikusudia?

Wengi, majumbani na mabwenini, hujibu kwa vitendo kwamba ni haki. Mtoto huchapwa, hubebeshwa godoro mbele ya wenzake, huimbiwa nyimbo za kumfedhehesha. Hudai kwamba aibu humponya, na kweli wako wanaoacha.

Lakini tuchunguze. Madaktari hukadiria kwamba katika watoto 100 wa miaka 5, wapatao 15 hukojoa kitandani, na kila mwaka kiasi cha 15 katika kila 100 ya hao huacha pasipo tiba yoyote. Basi fimbo hujitwalia sifa ya kazi iliyofanywa na umri. Mara nyingi chanzo kimo mwilini: kuamka kwa shida, kibofu kisichohimili, au upungufu wa homoni ipunguzayo mkojo usiku. Tena hali hii hurithiwa. Si ajabu baba ashikaye fimbo naye aliipitia.

Moyo nao una sehemu yake. Mtoto aliyekwisha kuacha kwa miezi 6 kisha akaanza tena, huenda amefiwa, amezaliwa mdogo wake, au wazazi wametengana. Pengine ni maradhi, kama kisukari; yafaa apimwe. Kumwadhibu huyo ni kuongeza hofu juu ya hofu.

Mwandishi Mwingereza George Orwell, katika insha iliyochapishwa mwaka 1952, baada ya kufa kwake, alisimulia alivyochapwa shuleni kwa sababu hiyo. Alijifunza kwamba mtu aweza kutenda dhambi pasipo kutaka. Funzo hilo ni sumu. Mtoto akiamini kwamba hatia haitegemei nia, ataitunza nia yake kwa faida gani?

Je, basi tumwache tu? Hasha. Aende haja kabla ya kulala, na asubuhi asaidie kuanika matandiko bila kuchekwa. Huo ni wajibu, wala si adhabu. Wajibu humtaka mtoto atende aliwezalo. Adhabu humdai asiloliweza. Mlezi asiyezitenga hizo mbili hajastahili kushika fimbo.