Kovu la Begani

Wajukuu zangu, sogeeni. Tazameni hili kovu la mviringo begani kwangu. Nililipata utotoni, wachanjaji walipokuja Ujiji tukapangwa mstari chini ya mwembe, vifua wazi. Ninyi hamnalo. Mgonjwa wa mwisho aliyepata ndui kwa njia ya kawaida alionekana Somalia mwaka 1977. Mwaka 1980 ikatangazwa kwamba imetokomezwa duniani, na chanjo ikakoma. Ile chanjo ilitukinga pia, kwa kiasi kikubwa, na ndugu zake ndui.

Ndui ya watu ilimalizwa kwa kuwa haikuwa na pa kujificha. Ilikaa kwa binadamu tu. Ndugu zake wana maficho, na ndilo nililowaitia.

Hii mnayoiita homa ya nyani, nyani kasingiziwa. Mwaka 1958 iligunduliwa kwa kima wa maabara kule Copenhagen, waliotolewa Asia, jina likaganda. Mwaka 1970 ikampata mtoto mdogo huko Kongo. Mwaka 1985 wataalamu wakaikuta kwa kindi wa msituni, Kongo hiyo hiyo. Panya na kindi ndio wanaoshukiwa kuitunza kimyakimya. Mwaka 2003 panya buku na wenzao waliosafirishwa kutoka Ghana waliifikisha Marekani, wakawaambukiza wanyama wadogo wa kufugwa majumbani, nao wakawaambukiza watu.

Msiniambie Kongo ni mbali. Anga likitakata mnaiona milima yake mkiwa hapa ufukweni mwa ziwa, na Kivu Kusini inanawa miguu katika ziwa hili hili. Huko, kwenye machimbo ya Kamituga, mwaka 2023 ilizuka aina mpya inayopita mtu kwa mtu. Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura. Machi 2025 nchi yetu nayo ikathibitisha wagonjwa.

Lakini ya porini hujificha yenyewe. Ya zizini tunaificha sisi. Niliwahi kununua beberu mnadani, manyoya yanang'aa, nikajiona nimepata. Baada ya siku kama kumi akapata homa, makamasi, kisha vinundu chini ya mkia na midomoni. Ndui ya mbuzi. Muuzaji alikuwa na wagonjwa nyumbani kwake. Aliwatoa wale wasioonyesha dalili akawahi mnada kabla hawajaharibika. Ndui hiyo haimwingii mtu, ila mfuko wake inauingia vizuri sana. Nikazika mbuzi sita. Mwezi wa tatu baada ya hapo, kwa ubishi wangu, nikaingiza wengine katika banda lile lile, nao wakaugua. Baadaye bwana mifugo akanieleza kuwa magamba ya vidonda hukaa na ugonjwa hadi miezi 6 penye kivuli. Laiti ningemwita siku ya kwanza, lakini niliona aibu majirani wasijue.

Basi mbuzi akitoa vinundu, mwiteni bwana mifugo kabla ya kuwaza mnada. Mtu akipata homa, matezi na vipele, apelekwe zahanati, asifungiwe chumbani. Mnyama wa porini mliyemkuta amekufa mwenyewe hata kitoweo kikiadimika msimguse.

Na wewe mdogo, ule mtego wa panya buku uliouficha nyuma ya choo nimeuona. Kautegue kabla ya magharibi.