Adabu ya Msafiri katika Njia Nyembamba

Swali la insha hii ni moja: mgeni aendaye kutazama uzuri wa nchi ya watu ana deni kwa wenyeji, au hutoka katika wajibu wote mara atimizapo sheria? Zamani mgeni alikuja kwa miguu akapiga hodi. Sasa huja kwa motakaa, akapita mlangoni pa mtu asijulikane jina wala sura. Tulichungue swali hili kwa mfano wa kaskazini ya Uskoti, katika Uingereza.

Mwaka 2015 barabara zizungukazo pwani ya huko zilitangazwa kwa wasafiri kwa jina moja, North Coast 500. Mwendo huanza mji wa Inverness na kurudi pale pale baada ya maili 500 na ziada, katikati ya milima, ghuba na fukwe. Walakini sehemu nyingi ni nyembamba hata motakaa mbili haziwezi kupita bega kwa bega. Hapa na pale pametanuliwa mahali padogo pa kupishana. Iliyo mashuhuri ni Bealach na Bà, jina la Kigaeli lenye maana ya pito la ng'ombe, ipandayo mlima hata mita 626 kwenda Applecross. Mpaka miaka ya 1970 hiyo ilikuwa barabara pekee ya watu wa Applecross. Njia ambayo kwa mgeni ni tamasha, kwao ilikuwa mlango wa nyumba.

Kitabu cha kanuni za barabara cha Waingereza, kilichotolewa kwanza mwaka 1931, hupambanua amri na shauri. Penye neno "lazima", kuvunja ni kosa mbele ya sheria. Pasipo neno hilo ni shauri, ijapokuwa aliyelipuuza aweza kulikuta mahakamani likitolewa kuwa ushahidi juu yake. Sasa zitazame kanuni za njia nyembamba, ya 155 na ya 156. Uonapo gari laja, ingia mahali pa kupishana palipo kushoto, au ngoja mkabala wa palipo kulia. Mpishe apandaye mlima kila uwezapo. Rudi nyuma ikibidi. Usiegeshe gari mahali pa kupishana. Hamna "lazima" hata moja katika maneno hayo. Kinyume chake, mwendo wa maili 60 kwa saa huruhusiwa motakaa katika barabara nyingi za namna hii, ingawa hakuna mwenye akili awezaye kuufuata penye kona na kondoo. Basi yakupasayo hukuyaamriwa, na usiyopaswa kuyafanya umeruhusiwa. Hapo sheria imefika mwisho wake, na adabu yashika usukani.

Yamkini mtu atasema: mgeni huleta riziki, na wahenga wamenena, mgeni njoo, mwenyeji apone. Neno hilo ni kweli, lakini lina sharti ndani yake: mwenyeji apone. Fedha ya mgeni huingia kwa mwenye hoteli. Saa iliyopotea ni ya mchungaji au ya muuguzi aliyezuiwa na gari lililoegeshwa kwa ajili ya picha. Deni la mmoja halilipwi kwa mkono wa mwingine.

Msafiri atokaye Kenya, Uganda au Tanzania huko hana taabu ya upande, maana gari huendeshwa kushoto kama kwao, na leseni yake humruhusu kuendesha motakaa miezi 12. Ruhusa hiyo isimlevye. Na asome vibao: kile cha chini ya Bealach na Bà huwaonya wanaojifunza kuendesha, magari makubwa mno na wavutao nyumba za magurudumu. Akiona gari nyuma yake, alipishe, kwani aghalabu mwenye haraka ni mwenyeji. Akitaka kutazama bonde, asimame penye maegesho, maana macho ya dereva ni amana ya wengine. Mkono uinuliwao kumshukuru aliyepisha haugharimu kitu, nao ndio hodi iliyobaki kwa mtu wa motakaa.

Jibu letu, basi, ni kwamba deni lipo. Uzuri wa mlima si mali ya mtu, wala hakuna awezaye kumdai mgeni kwa kuutazama. Lakini njia ifikayo hapo imo katika maisha ya watu, na aipitaye huyatumia maisha yao. Kwa hiyo apite kama apitaye uani kwa jirani.