Hofu ya Mtoto

Je, msomaji, ni halali mzazi kumwambia mtoto aliyeshikwa na hofu kwamba hakuna la kuogopa? Kaskazini-mashariki ya Lokitaung, mpakani mwa Ethiopia, ipo Todonyang, ambako mwezi wa Mei 2011 Waturkana wengi waliuawa katika shambulio. Mtoto wa pande hizo ashtukapo mbwa wakibweka usiku, kumwambia "si kitu" ni kumfundisha asiyaamini masikio yake. Kumcheka ni kubaya zaidi. Hofu haiondoki kwa aibu. Hujificha tumboni, na asubuhi mtoto husema anaumwa, asiende shule wala kisimani.

Mzazi mwema hukaa naye, humsikiliza mpaka mwisho, kisha humwambia lililo kweli: watu wazima wako macho, na mbwa humbwekea fisi pia. Lakini huruma nayo ina mtego wake, kwani mtoto akiachwa nyumbani kila aogopapo, hofu hunenepa. Heri leo mama aende naye kisimani, kesho amsindikize nusu ya njia, keshokutwa asimame mbali akimtazama.

Na baba mwenye hofu yeye mwenyewe? Akiri kuwa anaogopa, kisha ainuke akazibe mlango wa boma kwa miiba, mtoto akimshikia taa.