Bei Rahisi, Nani Anailipa?

Tazameni mifereji ya Kinshasa au ya Lubumbashi baada ya mvua. Maji hayapiti, kwa maana chupa za plastiki zimeziba njia. Tunasema: ni takataka tu. Lakini Mungu hakuumba takataka. Ni mikono yetu iliyotupa.

Sasa wenye elimu wameona faida katika chupa hizo. Mwaka 1839 William Grove, mtu wa Wales, alionyesha kwamba hidrojeni na oksijeni zikiungana katika chombo zinatoa umeme, na kinachobaki ni maji. Lakini chombo kile kilihitaji platini, madini ya bei kali, na vingi vya namna ile vinaihitaji hata leo. Basi wataalamu wanatia plastiki katika moto mkali pasipo hewa, hata yabaki makaa meusi. Makaa hayo wanayatia naitrojeni na chuma kidogo, yapate kufanya kazi ya platini. Nguvu yake haijalingana na platini, tena yanachoka upesi. Lakini bei yake ni rahisi.

Hapa ndipo penye swali. Bei ikiwa rahisi, nani anailipa? Sisi wa Kongo tumekwisha kufundishwa na kobalti. Inatiwa katika betri za magari ya mataifa, na huko Kolwezi watu wanaichimba kwa mikono katika mashimo yanayobomoka, hata watoto wameonekana kazini. Kesho takataka ikipata bei, nani ataiokota? Ni maskini yule yule. Na mnunuzi atamwambia: «Umeiokota bure, pokea kidogo.» Ni uongo. Chupa haikuwa na bei, kweli. Lakini jasho lake na siku yake vina bei.

Mwingine atajibu: «Afadhali kidogo kuliko njaa.» Ndugu, njaa ya mwenzako si ruhusa ya kumpunja. Mwaka 1891, katika barua Rerum Novarum, Papa Leo wa 13 alifundisha kwamba mshahara usiotosha kumlisha mfanyakazi si wa haki, hata kama yeye mwenyewe ameukubali kwa kuogopa mabaya zaidi.

Basi tusitupe chupa ovyo, wala tusizichome uani, kwani moshi wake ni sumu. Na yule anayepita mlangoni na gunia lake, tumsalimu kama ndugu na kumlipa kwa haki. Tukiokoa chupa na kumtupa mwokotaji, tumesafisha mfereji tu, si roho zetu.