Mkono Usioonekana

Je, picha yaweza kusema uongo hali kila kilichomo ndani yake ni kweli? Swali hili limezuka katika michezo ya kale ya kompyuta, mahali ambapo msomaji pengine hakutazamia kumkuta mwanafalsafa.

Kampuni ya Nintendo ilitoa mashine yake ya Famicom nchini Japani mwaka 1983. Leo wapenzi wengi wa michezo ya mashine hiyo huicheza kwa programu inayoiga mwenendo wake ndani ya kompyuta ya kawaida, nayo huitwa emuleta. Walakini mwigaji huyu ana uwezo ambao mwenye kuigwa hakuwa nao. Aweza kuusimamisha mchezo katika kila picha moja ya zile 60 hivi zipitazo kwa sekunde. Aweza kuihifadhi hali ya mchezo, ili mchezaji akikosea arudi nyuma na kujaribu tena, mara elfu akipenda. Tena kinachorekodiwa kwanza si sura ya mchezo, bali orodha ya vitufe vilivyobonyezwa na wakati wa kila kimoja. Orodha hiyo ikirudishwa, mchezo hujicheza upya bila kosa hata moja, na hapo ndipo video hupatikana.

Mwaka 2003 Mjapani ajulikanaye kwa jina la Morimoto alitengeneza kwa njia hii video ya Super Mario Bros. 3, mchezo wa mwaka 1988, akaumaliza kwa dakika 11 hivi. Video ilienea duniani bila maelezo ya wazi. Watu walistaajabu kuona kijitu kile kikiwakanyaga maadui mmoja baada ya mwingine bila kugusa ardhi, wakadhani wameona vidole visivyo na mfano. Walipofahamu jinsi kazi ilivyofanywa, wengi walikasirika, wakasema wamedanganywa.

Walidanganywa na nani? Sheria za mchezo hazikuvunjwa. Kila mruko ulikuwa mruko ambao mchezo wenyewe unauruhusu. Mwaka 2014, katika tamasha la hisani la Awesome Games Done Quick huko Marekani, kifaa kiitwacho TASBot kilizipeleka orodha za namna hii kwenye mashine halisi, nazo zikazitii. Basi picha ilisema kweli juu ya mchezo. Uongo, kama ulikuwapo, ulikuwa juu ya mtu.

Yuko atakayejibu kwamba mshairi naye hufuta na kuandika usiku kucha, wala hatuonyeshi karatasi alizozichana, na hakuna amwitaye mwongo. Hoja hii ina nguvu, lakini hainitoshi. Msomaji wa shairi anajua kuwa lilifutwa na kuandikwa; mtazamaji wa video ile hakujua. Na palikuwapo watu wengine, waliokesha miaka wakiufundisha mkono wao kuucheza mchezo uleule tangu mwanzo hadi mwisho pasipo kurudi nyuma. Kazi yao ilionekana duni mbele ya kitu ambacho hakikuwa cha jinsi yake. Hao ndio waliodhulumiwa, kuliko mtazamaji, ambaye hasara yake ilikuwa mshangao tu. Nami nawatia hatiani zaidi wale walioipitisha video mkono kwa mkono bila kuuliza ilikotoka. Kunyamaza kwao kulitosha kuwa ushahidi wa uongo.

Hata hivyo siwezi kuidharau kazi ya Morimoto. Kutafuta, picha kwa picha, njia ambayo jicho halikupata kuiona ni subira ya mwenye kuchonga. Mwishoni mwa mwaka uleule ulianzishwa mtandao ambao leo unaitwa TASVideos, wa kuzikusanya kazi za aina hii kwa jina lake halisi. Huko kazi huwekwa pamoja na hesabu ya mara ambazo mtengenezaji alirudi nyuma na kurekodi upya, na baadhi ya hesabu hizo ni maelfu mengi. Mimi huisoma hesabu hiyo kwanza, ndipo nikaitazama video.