Uzuri Hausimami Juu ya Dhulma

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake Muhammad, pamoja na aali zake na sahaba zake, twaingia katika somo letu.

Darasa letu lasoma mlango wa mwanzo wa falsafa: maadili, uadilifu, ufundi na uzuri. Wako watakaouliza, "Mambo haya yana faida gani kwa mtu anayeswali na kufunga, na kufungua duka lake asubuhi?" Jawabu yetu ni kwamba mwenye duka huyahitaji zaidi kuliko mwenye vitabu, nasi tutalibainisha hilo kwa mifano iliyo karibu.

Tuanze na neno lenyewe. Sisi Waswahili twasema nyumba nzuri na sauti nzuri, na twasema pia tabia nzuri. Waarabu nao katika neno husni wametia yote mawili, uzuri wa kutazamwa na wema wa kutendwa. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliifananisha tabia njema na uso. Uso hauwi mzuri kwa macho peke yake, ikiwa pua na mdomo na mashavu vina kombo. Na nafsi kadhalika: nguvu ya elimu, nguvu ya hasira na nguvu ya matamanio hazipendezi mpaka uadilifu uzipatanishe. Plato wa Uyunani, ambaye wanazuoni wetu humwita Aflatuni, karibu miaka 1,500 kabla yake alikuwa amefundisha kwamba uadilifu ni kila sehemu kufanya kazi yake bila ya kuipokonya nyingine. Na maulamaa wetu wameieleza dhulma kuwa ni kukiweka kitu pasipo pahala pake. Basi yaliyo mazuri na yaliyo ya haki yana asili moja, nayo ni kila kitu kuwa pahala pake.

Mifano yake hatutaitafuta Athens wala Baghdad. Kathonzweni ni mji mdogo katika Makueni, Ukambani, katika nchi kavu yenye misimu miwili ya mvua, na mara nyingi mvua hizo hukosa. Mito mingi ya nchi ile hufurika siku chache kisha ikakauka, ukabaki mchanga mtupu. Mgeni huudhani kuwa hauna kazi. Mwenyeji ajua kuwa chini yake mna maji; mchanga huyafunika yasinyonywe na jua, na watu huchimba wakayateka. Katika sehemu nyingi za Makueni wamejenga kuta za kukata mito hiyo, ili mchanga ujilimbikize nyuma ya ukuta na maji yakae ndani yake. Mchanga huo huo ukipakiwa malorini na kupelekwa mijini, hujenga majumba ya fahari. Lakini mto ulioondolewa mchanga wake haushiki maji tena. Ugomvi juu ya mchanga umemwaga damu katika Makueni, hata serikali ya kaunti ikatunga sheria ya kuulinda mwaka 2015. Je, ukuta uliopigwa lipu laini kwa mchanga ulionyima kijiji maji, ni mzuri? Jicho litasema ndiyo. Lakini mwanadamu amepewa akili ili ahukumu na yale ambayo jicho haliyaoni.

Mfano wa pili umo madukani mwetu. Watu wa Ukambani si wageni kwetu: karne ya 19 misafara yao ilileta pembe Mombasa, na tangu mwaka 1963 wachongaji wao wana ushirika wao hapo hapo Mombasa. Nao wanawake wa Ukambani husuka vyondo. Mwanamke huchukua katani ya mkonge, na zamani magome ya mbuyu, akasokota uzi juu ya paja lake, akautia rangi, kisha akasuka tangu kitako mpaka mdomo. Hesabu ya mistari iko kichwani mwake. Mstari mmoja ukikosewa, pambo lote huenda kombo, naye hana budi kufumua na kurudia. Tazameni basi: uadilifu umo ndani ya ufundi wenyewe, kwa kuwa kila uzi umepewa haki yake. Na chondo cha mistari hakina sura ya kiumbe chenye roho, hata mwenye kushikilia sana katika mas-ala ya sanamu akaona la kukataza.

Chondo hicho hupita mikono mingi hata kifike duka la mtu wa pwani, na kila mkono huongeza bei. Hilo si baya. Biashara ni halali, na mwenye kuchukua hatari ana haki ya faida. Ubaya ni mnunuzi kumjia mwanamke wakati wa ukame, naye ajua kuwa watoto hawana chakula, akampunja kwa sababu hana pa kukimbilia. Au kuchukua mzigo kwa ahadi, akalipa baada ya miezi. Kisha akaketi barazani kumtaja kwa dharau kuwa ni mtu wa bara, hali yuala jasho lake.

Atasema mtu, "Bei ni makubaliano, na yeye ameridhia." Twamjibu: hatusemi kila bei ndogo ni dhulma. Lakini ridhaa ya mwenye njaa mbele ya mwenye shibe si ridhaa kamili, na Mola aliyeharimisha kupunja vipimo, akamtuma Nabii Shuaib kwa watu wa Madyan kwa ajili ya hayo, hadanganyiki kwa makubaliano ya namna hii. Na imepokewa katika hadithi sahihi kwamba mwenye kumtumia mtu kazi kisha asimpe ujira wake, Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa hasimu yake Siku ya Kiyama.

Mtume (S.A.W.) aliulizwa juu ya mtu apendaye nguo nzuri na viatu vizuri, kama hicho ni kiburi. Akabainisha kwamba uzuri wapendwa na Mwenyezi Mungu, na kwamba kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Uzuri na haki vimewekwa katika jawabu moja. Anayevitenga amekosa vyote viwili.

Basi, ewe ndugu mwenye duka, kabla hujakitundika chondo mlangoni, jiulize: aliyekisuka amelipwa? Amelipwa kwa wakati? Na bei yake ungaliweza kuitaja mbele yake bila ya kuona haya? Ukiweza kujibu ndiyo mara tatu, kitundike, kwani ni kizuri. Usipoweza, anza kwa kulipa deni.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atutengenezee tabia zetu kama alivyotutengenezea sura zetu, na atujaalie kuwa waadilifu katika mizani zetu. Amin.